Mwacheni Nyundo abaki kwenye kibonzo: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya vitabu na misitu

Kwa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, Wizara ya Maliasili na Utalii, Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS)

Waheshimiwa,

Naandika kuomba jambo moja. Hadithi ya vibonzo ambayo vijana wa Ukonga na Gongo la Mboto, hapa Dar es Salaam, wameichora kuhusu msitu wa mvua wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, iruhusiwe kuingia madarasani, na iingie na maadui wake wale wale waliochorwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mlezi wa klabu ya mazingira. Vijana hawa niliwapokea wakiwa watoto wa darasa la tano. Leo wengine wako sekondari, na wengine wanachora mabango ya maduka ili wapate hela ya wino na karatasi.

Mswada wao ulipokelewa vizuri mahali tulipoupeleka. Picha zilisifiwa, Kiswahili kilisifiwa. Kisha tukapewa masharti: mhalifu mkuu, mfanyabiashara wa mbao aitwaye Nyundo, abadilishwe awe zimwi, au mgeni kutoka nchi za nje, au mchoma mkaa wa kijijini, na kurasa zinazoonyesha geti la ukaguzi wa mazao ya misitu ziondolewe. Ofisi hiyo sitaitaja. Walionipokea walikuwa waungwana, na naamini walihofia lawama tu. Lakini masharti yenyewe hatuwezi kuyakubali, na naomba mnisikilize sababu zetu.

Nianze na hadithi, maana wengi wenu hamjaisoma.

Inaanzia Ukonga, Oktoba 2022, wakati DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ilipotangaza mgao wa maji kwa sababu Mto Ruvu umepungua. Mnaukumbuka mgao ule. Madumu ya njano yalipangwa foleni usiku wa manane, na watoto walikuja shule wakisinzia. Msichana wa darasa la sita, Mwanne, amechoka kuamshwa saa tisa usiku kwenda kupanga ndoo. Anamuuliza mama yake, muuza chapati na maharage, maji hutoka wapi hasa. Mama anamjibu kwamba hutoka bombani. Mwanne anataka kujua bomba nalo linaanzia wapi, na hapo ndipo safari inapoanza.

Anafuatana na Shomari, mtoto wa jirani, ambaye baba yake ni dereva wa lori na kwa hiyo anazijua barabara zote za kutoka mjini. Wa tatu ni Kobelo, binamu yake Shomari, aliyekuja Dar likizo kutoka kijiji cha milimani. Hawaruki angani wala hawapotei machoni pa watu. Mwanne ana daftari na anajua hesabu. Shomari akisoma namba ya gari haisahau. Kobelo anaujua msitu kwa sababu shamba la bibi yake limepakana nao, na kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo bibi huyo ana kauli pale kijijini.

Wanalifuata bomba hadi Mlandizi, kwenye mtambo wa Ruvu Juu, wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku. Mtambo mwenzake wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, una uwezo wa lita milioni 270. Vijana wameichora mitambo yote miwili kwenye ukurasa mmoja, mikubwa, mabomba yanang'aa, na chini yake wameuchora mto ukiwa mwembamba, mchanga umetokeza katikati. Hakuna neno hata moja kwenye ukurasa ule. Mtoto wa Dar akiutazama anaelewa mwenyewe kwamba mashine zipo na pampu zipo, ila mto ndio hautoshi.

Basi wanapanda kuelekea chanzo cha mto, milima ya Uluguru. Uluguru inapanda hadi zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na upande wake wa mashariki ndio unaoukabili upepo wa Bahari ya Hindi. Unyevu uleule unaopita juu ya mapaa yetu hapa mjini ukifika kule unazuiwa na mlima, unapanda, unapoa, unageuka ukungu na mvua. Hii ndiyo asili ya msitu ule. Chini ya miti kuna tabaka la majani yaliyooza na mizizi iliyoshikana, na mvua ikinyesha haiteremki yote kwa mara moja na kuzoa udongo. Inanywewa na ardhi kisha inatoka kidogo kidogo kwenye chemchemi hata miezi ya ukame. Miti ikikatwa, mto unajaa matope masika na kukauka kiangazi. Haya yote nimeyafundisha ubaoni kwa miaka na watoto wameyakariri kwa ajili ya mtihani. Nilipowapa kurasa hizi walianza kuniuliza maswali ambayo hawajawahi kuniuliza. Mmoja alitaka kujua ni nani anayelipwa kuulinda msitu ule, na analipwa kiasi gani.

Kuna ndege wa Uluguru mwenye utosi mweusi na tumbo la manjano ambaye haonekani kokote duniani isipokuwa kwenye milima hiyo. Vijana wamemficha katika kila ukurasa wa kule juu, na wasomaji wadogo hushindana kumtafuta.

Ukurasa ninaoupenda kuliko yote ni wa bibi yake Kobelo. Anawasimulia watoto habari za Kolelo, mzimu uliotambikiwa pangoni kule Uluguru, na jinsi Wazaramo wa huku pwani walivyokuwa wakiufuata kuomba mvua. Hiyo ni historia, imeandikwa. Kabla ya bomba wala mtambo wowote, watu wa pwani hii waliielekea milima ile ile inayotupatia maji leo. Anayeamini matambiko na asiyeyaamini wote wanaweza kuusoma ukurasa huo, kwa maana unamweleza mtoto wa Kizaramo na mtoto wa Kiluguru kwamba wamefungamana tangu zamani.

Sasa nije kwa Nyundo.

Ninyi wa Maliasili mnajua kwamba mbao halali hugongwa alama kwa nyundo maalumu ya serikali, na gari linalozibeba huwa na hati ya kusafirishia. Nyundo wa kwenye hadithi amepewa jina hilo na vijana kwa sababu ana nyundo ya kughushi kwenye droo ya ofisi yake mjini. Msituni hajawahi kukanyaga. Ana godauni, ana malori, anavaa vizuri, anasalimia wazee kwa heshima, na ameisaidia shule ya akina Mwanne kwa madawati mapya. Katikati ya hadithi, Kobelo anainama kuokota penseli, anaitazama mbao ya chini ya dawati na kuitambua: mti wa kwao, kutoka ndani ya hifadhi. Darasa zima limekalia mbao za wizi na halijui. Nimewaona watoto wakifika hapo wanafunga kitabu kwanza, wanainama kuangalia madawati yao wenyewe, halafu wanaendelea kusoma.

Mnatuambia tumgeuze awe zimwi. Nimekulia kwenye ngano za mazimwi na nazisimulia hadi leo, nazipenda. Lakini katika ngano zetu zimwi hukaa porini, na mtoto anayelisikiliza hujifunza kuuogopa msitu. Hadithi hii inataka mtoto aupende msitu na amtambue anayeumaliza, na anayeumaliza hatoki porini. Anatoka mjini kwetu, mara nyingine anakaa meza ya mbele kwenye mahafali. Mkimpa pembe na mkia, mtoto atabaki akimtafuta mwenye pembe na mkia, na Nyundo wa kweli atapita mbele yake akipungiwa mkono.

Mgeni kutoka nje nae hatufai hapa. Wapo wageni walioharibu na wanaoharibu misitu ya Afrika, na anayetaka kuwachora awachore. Ila hadithi hii inafuata mbao na mkaa vinavyoteremka kuja Dar es Salaam, kuliwa na Dar es Salaam. Kumsingizia mtu wa mbali ni kuwaongopea watoto kuhusu mji wao.

Na mchoma mkaa? Hapa ndipo nilipoumia zaidi, kwa sababu wapo wanafunzi wangu ambao wajomba zao ni wachoma mkaa. Vijana hawakumficha. Yumo, na kwa kurasa kadhaa watoto wanamdhania kuwa ndiye adui. Wanamnyemelea kwenye tanuri lake katika misitu ya chini, kando ya njia ya Morogoro. Wanaona kazi ilivyo: magogo yanapangwa, yanafunikwa majani na udongo, yanaachwa yaungue siku kadhaa bila moto kuruka, na mchomaji hapati usingizi kwa sababu tanuri likipasuka kazi yote inakuwa majivu. Mwanne anapiga hesabu kwenye daftari lake. Kwa tanuri la kienyeji kama lile, kilo 100 za kuni huacha kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Kisha anaandika bei anayouzia mchomaji pale njiani, na bei ya gunia hilo hilo la lumbesa likifika Ukonga na kupimwa kwa makopo. Safu mbili za tarakimu, upande kwa upande. Hapo watoto wanatambua kwamba fedha haibaki kwa yule mwenye moshi machoni. Baadaye ni yeye anayewaeleza malori hupita saa ngapi.

Hadithi haimwachi mchomaji bila lawama, wala haimwachi mama yake Mwanne. Jiko lake la chapati linakula mkaa. Kwa miaka mingi imekadiriwa kwamba takribani nusu ya mkaa wote wa Tanzania unatumika Dar es Salaam peke yake. Kuna mazungumzo marefu kati ya mama na binti usiku, sura nzima, juu ya mtungi wa gesi: mama anaweza kununua mkaa wa kopo moja kwa hela aliyo nayo leo, gesi inataka fedha ya pamoja. Serikali imejiwekea mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, na shabaha yake ni asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe. Nauunga mkono kwa moyo wote. Sura ile ingewasaidia kuueleza kuliko mabango mengi ya barabarani, kwa sababu inaanza na hela iliyomo kwenye khanga ya mama.

Kurasa za geti. Nazijua zinavyochoma. Lori la Nyundo linafika kwenye kizuizi usiku, mkaguzi anapewa bahasha, kamba inashushwa. Lakini waheshimiwa, geukeni ukurasa. Zamu inayofuata yupo mkaguzi mwingine, dada kijana, mpya kazini. Anaimulika alama ya nyundo kwa tochi, anaona imepinda, anaandika namba ya gari kwenye kitabu. Anaambiwa aache. Haachi. Anahamishwa kituo. Na mwisho wa hadithi, Nyundo anaposimama mbele ya hakimu, kinachomfunga ni namba zilizomo kwenye kitabu cha yule dada kulinganishwa na namba ambazo Shomari alizisoma na Mwanne akaziandika. Bila yeye watoto wangekuwa na maneno matupu. Mkiziondoa kurasa za geti mnamwondoa na yeye, ambaye ndiye mtumishi mzuri kuliko wote ndani ya kitabu. Askari wenu wa misitu wapo wanaolala nje, wapo waliojeruhiwa wakifanya kazi hii. Nani mwingine amewachorea shujaa anayefanana nao?

Wasichana watatu wa darasa langu wanasema wakikua watakuwa maofisa misitu. Nyundo ndiye aliyewafanya wamwone yule dada.

Msidhani vijana hawa wanaona wabaya kila mahali. Sehemu ya pili ya mswada ni ya chura wa Kihansi, na haina mhalifu kabisa. Ilinishangaza walipoichagua. Kwenye Milima ya Udzungwa, katika korongo la Mto Kihansi, waliishi vyura wadogo sana, sentimita 3 hawafiki, wanaozaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Hawakupatikana kokote kwingine. Waliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya maji. Sayansi iliwatambua miaka ya 1990, wakati ule ule bwawa la umeme wa megawati 180 likijengwa. Maji yakaelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakapungua. Nchi ilihitaji umeme. Walioupata ni sisi. Mwaka 2000 vyura karibu 500 wakachukuliwa kwenda kutunzwa Marekani. Waliobaki korongoni walipukutika mwaka 2003, ugonjwa wa kuvu nao ukiwamo, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege hadi Dar es Salaam na kutunzwa Chuo Kikuu, pale Mlimani. Mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi, ambako manyunyu ya kutengenezwa yalikuwa yamewekwa kuwasubiri. Mtoto wa Ukonga anasoma haya na kugundua kwamba vyura waliokuwa hawapo tena porini walilelewa upya ndani ya mji wake. Kwenye vitabu vyake vya kiada sijaiona habari hiyo.

Kwa hiyo wanajua kutofautisha. Pale ambapo mambo ni mazito na kila mtu ana haki yake, wameyachora hivyo. Pale ambapo kuna mwizi, wamechora mwizi.

Mji huu umelelewa na vibonzo. Chakubanga wa Christian Gregory alitokea kwenye Uhuru, gazeti la chama, na watu wazima walikuwa wakimcheka na kujiona. Jarida la Sani lilipita mkono kwa mkono hadi karatasi zikachakaa. Masoud Kipanya anatusema kila siku gazetini na wakubwa wanamsoma. Walaghai wa mjini, mabosi wenye tamaa, watumishi wa bahasha, wote wamechorwa Dar es Salaam tangu zamani, nchi ikasimama. Iweje wasionekane pale ambapo msomaji ni mtoto na jambo lenyewe ni maji atakayokunywa akiwa mtu mzima?

Na msiseme watoto ni wadogo mno kuhusika na misitu. Mwaka 1991, hapa hapa Dar es Salaam, wanafunzi 12 wa sekondari walikutana nyumbani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, na kikundi chao ndicho kilichokuwa Roots & Shoots, ambacho sasa kina matawi katika nchi nyingi duniani. Na kima wetu wanatufundisha jambo jingine: wanasayansi walipotangaza mwaka 2005 kwamba wamempata kipunji, aina mpya ya kima, kule Rungwe, wenyeji walikuwa wanamjua na walishampa jina hilo siku nyingi. Anayeishi karibu na msitu huona kwanza. Kobelo yuko kwenye hadithi kwa sababu hiyo.

Nisiishie kwenye hoja, niseme tunachohitaji. TET, tunaomba mswada usomwe upya kama kitabu cha ziada, na kama kuna ukurasa usiofaa kwa umri wa wasomaji tuambiwe kwa maandishi ni upi na kwa nini, tutakaa tuurekebishe. Lugha kali ipo sehemu mbili, hiyo tutaitoa. Hadithi za picha zisihesabiwe kuwa mchezo: mtoto asiyeweza kusoma aya tano husoma kibonzo hadi mwisho, hilo naliona kila Ijumaa darasani. Kichapwe kwenye karatasi ya kawaida ili bei iwe chini, na nakala ziwekwe Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambapo mtoto yeyote anaweza kuingia.

TFS, ninyi nawaomba mawili. La kwanza, mtupe mtaalamu wa kukagua michoro: aina za miti, alama, sare, jinsi doria inavyofanyika. Vijana wanaogopa kukosea kuliko mnavyodhani. La pili, wanafunzi wa shule za serikali waruhusiwe kuingia bure Pugu-Kazimzumbwi angalau siku moja kila muhula. Kutoka Gongo la Mboto ni mwendo mfupi wa basi, na wengi wa watoto wangu hawajawahi kufika. Ule ni msitu wa pwani, haufanani na wa Uluguru, lakini una vivuli, una nyani, una popo kwenye machimbo ya zamani ya udongo mweupe, na una mipaka ambayo mji unaisogelea kila mwaka. Mtoto hawezi kulinda asichokijua.

Wizara zote mbili, wachoraji walipwe. Kila mara tunapoalikwa kwenye maadhimisho ya mazingira, vijana huombwa wachore mabango kwa kujitolea, wakapewa fulana. Hawa ni mafundi. Mmoja wao alirudia kuchora ukungu wa mlimani kwa wino wa kalamu ya kawaida mpaka ukapendeza, kwa sababu wino mzuri hatukuwa nao. Wekeni fungu, hata dogo, la hadithi za picha za Kiswahili kuhusu misitu yetu, zichorwe na vijana wa Morogoro, wa Tanga, wa Iringa pia. Usambara ina hadithi zake, Rungwe ina zake.

Nakala ya mswada nimeiambatanisha kwa kila ofisi niliyoitaja hapo juu. Muhula ujao tunaanza kuchora sehemu ya tatu, ya msitu wa Amani kule Usambara, na vijana wanataka kujua kama waanze na penseli au wangoje. Tunaomba jibu kabla shule hazijafunguliwa.

Wenu katika kazi,
Mwalimu na mlezi wa klabu ya mazingira,
Ukonga, Dar es Salaam